Mwenye Jina Hajasoma

Herufi Z ilikuwa imelala mezani peke yake, nusu imefunikwa kitambaa cha kung'arishia, na baba yake alikuwa ameiinamia kama daktari aliyeinamia mgonjwa.

Binti alisimama mlangoni mwa karakana, mkoba bado begani, vumbi la safari bado kwenye nyusi. Wiki nzima alikuwa mikoani akifunga vibao vya zahanati mpya. Siku hizi kazi za shaba waliachiwa vijana na mashine. Baba hakuwa ameshika tupa kwa mikono yake tangu macho yalipoanza kumsumbua. Sasa hiyo Z ilikuwa ya nani hata mzee akaitolea macho yake yaliyobaki?

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umerudi," alisema bila kuinua kichwa.

"Umerudi leo na jua lote hili!" Shangazi aliruka pale kwenye kaunta alipokuwa akimenya chungwa. "Mtoto jina lake linapandishwa ghorofani, yeye yuko porini anagonga misumari! Ungetupigia simu tukupokee kwa tarumbeta."

"Jina langu lipi, shangazi?"

Kisu cha shangazi kikasimama katikati ya ganda. Akamtazama kaka yake. Kaka yake akaitazama Z.

"Kwani hujui?" shangazi aliuliza polepole.

Macho yake yalikuwa yameshashuka sakafuni. Pale palikuwa na karatasi ya vipimo, ile ndefu ambayo mafundi huibandika ukutani ili wajue matundu yatobolewe wapi. Ilikuwa imetandazwa kutoka mlango hadi dirisha, na juu yake kwa penseli, kwa mkono wa baba yake ambao angeutambua hata gizani, kulikuwa na herufi kubwa kubwa: TULIZO.



Katika nyumba yao neno hilo halikuwa limetamkwa tangu walipomzika mama. Mama ndiye aliyekuwa akimwita hivyo. Kabla yake alizaliwa mtoto wa kiume, akajifunza kutambaa, akafa kabla hajajifunza kusema. Yeye alipokuja mama alimkumbatia, akamwita Tulizo, wala hakumwita jina jingine maisha yake yote. Baba alikuwa akisikia anatabasamu. Mama alipoondoka, baba akawa anamwita mwanangu, au fundi, na akikasirika, wewe. Lile jina alishindwa. Siku moja alilianza, akafika katikati, akatoka nje kwenda kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Naye hakumlaumu. Alilikunja lile neno akaliweka ndani kabisa, mpaka alipopata mtu mmoja wa kumpa.

"Baba, nani kaagiza hizi herufi?"

"Mchumba wako."

"Bwana Kaulimbiu," shangazi alidakia. Ndilo jina alilompachika yule kijana tangu siku ya kwanza alipofika pale na kusema karakana yao ina "sauti yake". Alikuwa mtu wa matangazo, kazi yake kuvipa vitu majina. Sasa alikuwa amepewa kazi ya kulipa jina lile jengo kuukuu la ng'ambo ya barabara, lililokuwa la kampuni ya bima zamani, ambalo limevuliwa likavishwa upya: vioo, lifti mpya, kuta za ndani zimebomolewa ili wapangaji wa kisasa wakae wakitazamana. Shangazi akaendelea, "Alikuja hapa na viatu vyake vyeupe, akasema ni zawadi, tusimwambie mtu. Mimi nikadhani ni siri yenu wawili, na mapenzi ya siku hizi nani anayaelewa?"

"Na nani alisoma?"

Baba akaacha kung'arisha.

Palikuwa na utaratibu mmoja katika karakana ile, nao ni wa kabla yeye hajazaliwa. Herufi zikishakatwa hupangwa sakafuni. Kisha mwenye jina huitwa, awe mwenye duka, awe daktari, awe nani. Husimama mbele yake, fundi humwuliza, "Mwenye jina ni nani?" Hujibu, "Ni mimi." Halafu hulisoma kwa sauti. Bila hivyo hakuna bango linalotoka mlangoni, hata mteja awe na haraka kiasi gani.

"Alisoma yeye," baba alisema.

"Ulimuuliza mwenye jina ni nani?"

"Nilimuuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema ni yeye."

"Na wewe ukanyamaza, baba?"

Mzee aliinua macho yake yenye ukungu. "Nilidhani umempa. Mtu akishapewa kitu, mimi ni nani wa kumnyang'anya? Nikasema kama neno la mama yako limetoka nyumbani kwangu, basi angalau lisitoke limekatwa na mashine. Nimelikata mwenyewe. Zile nyingine zimeshapanda. Hii ilikuwa na mkwaruzo, ndiyo namalizia."

Hapo ndipo hasira ilipompanda, na haikumpandia baba. Alitua mkoba. Akaifunga Z kwa blanketi la kubebea vioo, akaikumbatia kifuani. Ilikuwa nzito kama mtoto anayejifanya amelala.

"Unaipeleka wapi?" shangazi aliuliza.

"Kwenda kusoma."

"Ngoja basi unawe uso!"

"Waache wanione hivi hivi."

Magari yalimpisha. Mtu anayevuka barabara na Z kubwa kuliko kiwiliwili chake, tena anatembea vile, hapigiwi honi. Juu ya mlango wa jengo, kwenye jukwaa la mafundi, herufi nyingine zilikuwa zimeshafungwa na zinawaka jua, na kabla ya ile ya mwisho pengo limeachwa wazi kama jino lililong'oka.

"Fundi, hiyo ni herufi au ngazi?" mlinzi alimtania.

"Ni mzigo wa mwenyewe. Aliyeuagiza yuko wapi?"

"Bwana mdogo yuko ndani anapanga maua kama anayapiga pasi."

Ukumbi wa mapokezi ulinuka rangi na gundi. Milango ya lifti ilikuwa bado ndani ya nailoni. Palikuwa na viti vya rangi tatu vya kukalia watu wasio na haraka, na kaunta ya kahawa, na pembeni ya kaunta ukuta mzima mweupe ulioandikwa kwa rangi nyeusi. Aliusoma kwa sababu kusoma kuta ndiyo kazi yake.

*Kila jengo lina moyo. Moyo wetu ni mama mmoja aliyemzika mwanawe wa kwanza, kisha akajaliwa binti, akamwita Tulizo. Nawe karibu utulie. Ofisi. Mikutano. Kahawa.*

Alirudia mstari wa mwisho. Kaka yake ambaye hakuwahi kusema neno alikuwa amepangwa foleni moja na kahawa.

"Umeniharibia!"

Mchumba wake alikuwa anakuja akicheka, mikono ya shati imekunjwa, lile shati la bluu alilomchagulia yeye. Macho yake yalikuwa yale yale, yanayomtazama mtu kana kwamba ukumbi umebaki wao wawili. Laiti angekuja na macho mengine. Moyo ulimgeukia kama mtoto asiyejua kwamba nyumbani kuna ugomvi, naye akaukanya.

"Nilitaka uje saa kumi kwenye uzinduzi, nikufumbe macho hapo nje, nikufumbue uone," alisema. "Umerudi lini? Mbona umebeba wewe? Lete."

"Usiiguse."

Mikono yake ikabaki hewani.

"Tulizo, nini?"

"Usiniite hivyo. Sasa hivi hata sijui unaniita mimi au unanadi ofisi za kupangisha."

"Mpenzi..."

"Nani alikwambia uandike habari za kaka yangu ukutani?"

Aligeuka kuutazama ukuta, kama vile ulikuwa umeandikwa na mtu mwingine. "Sijamtaja mtu hapo. Hakuna atakayejua ni ninyi."

"Baba atajua. Atavuka barabara aje kuona kazi ya mikono yake, atasoma hapo kwamba msiba wake unauzia watu viti."

"Hujaelewa. Nisikilize kwanza." Alishusha sauti, akasogea. "Wale wa jengo walitaka jina la kigeni. Kila pendekezo lilikuwa habu, plaza, tawa. Nikagonga meza. Nikawaambia lugha yetu ina neno ambalo mtu akilisikia anashusha mabega. Nikawaeleza lilikotoka, chumba kizima kikanyamaza, mpaka mhasibu akafuta macho. Nilikupigania wewe!"

"Ulikipigania Kiswahili, hongera. Kina maneno mangapi? Ulikosa Kivuli? Ulikosa Pumziko, Baraza, Kitulio? Kamusi nzima imelala wazi, wewe ukaenda kunyofoa neno mdomoni mwa marehemu!"

"Nilidhani utafurahi."

"Kama ningefurahi ungeniuliza. Hukuniuliza kwa sababu jibu ulikuwa nalo."

Hilo lilimpata. 

"Unakumbuka nilikwambia wapi?" binti aliuliza.

Alikumbuka. Wote wawili walikumbuka. Mvua iliwafungia chini ya paa la duka lililofungwa, mabega yao yamegusana kwa sababu paa lilikuwa jembamba. Alimsimulia akiwa amemwegemea, na alipomaliza, yule mwanamume hakusema pole. Alilitamka tu lile jina, polepole, kama anayejaribu ufunguo kwenye kufuli anayoogopa kuivunja. Naye alilia mpaka mvua ikaisha, akarudi nyumbani akiwa mwepesi kuliko alivyokuwa kwa miaka mingi.

"Nilikuwa nimelaza kichwa begani kwako," alisema. "Kumbe huku chini bega linaandika."

"Si hivyo." Alijishika paji la uso. "Si hivyo hata kidogo. Unajua mama yangu anavyosema. Kila siku, fundi rangi, fundi rangi, mkwe gani ananuka tina ya kuchanganyia rangi. Nilitaka apite hapa aone jina lako juu ya jengo kubwa kuliko yote mtaani. Anyamaze."

"Kwa hiyo mama yako hawezi kunipenda mimi, ila ataweza kulipenda ghorofa?"

"Nataka tu akuone!"

"Basi akachumbie jengo. Lina lifti, wala halinuki tina." Alivuta pumzi. "Jumamosi wajomba zako walikuwa waje kwetu kuzungumza. Waambie wakae kwao."

"Usiseme hivyo. Niite jina lolote, lakini hilo usiseme."

Pengine wangebaki hapo wakitazamana mpaka mmoja alegee, na yeye alijijua, angeweza kuwa yeye. Lakini lifti ilifunguka kwa mlio wa kengele, akatoka mama mwenye jengo. Alikuwa mama mrefu mwenye viatu vya kutembelea na kofia ya ujenzi, na nyuma yake vijana wawili wenye kompyuta kwapani, wapangaji watarajiwa.

"Ndiyo huyu fundi?" mama aliuliza kwa uchangamfu. "Afadhali! Mbona Z yangu iko chini? Kuna tatizo?"

Mchumba wake alimtazama yeye. Akamtazama mama. Akawatazama vijana wenye kompyuta.

"Hapana, mama," alisema. "Dakika chache tu."

*Hapana, mama.* Lile lilimuuma kuliko ukuta mzima.

"Lipo," alisema yeye, na ukumbi ukamsikia, maana ulikuwa mtupu na sauti yake haikuwa ndogo. "Shikamoo, mama. Mimi ni binti wa fundi aliyekata herufi zako. Kwetu jina halitoki mpaka mwenye jina aje alisome kwa mdomo wake, aseme ndilo. Hili limetoka kwa makosa. Aliyelisoma si mwenyewe."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi. Na sijasoma."

Mama mwenye jengo aliuangalia ukuta, akamwangalia msichana mwenye vumbi kwenye nyusi, akafanya hesabu yake kimya. Kisha akamgeukia kijana wa matangazo, na uchangamfu ulikuwa umemtoka.

"Uliniambia familia imeridhia."

"Ni mchumba wangu, mama. Mimi nilidhani..."

"Sikuulizi ni nani wako. Alikubali?"

Kijana aliugeukia ukuta. 

Binti hakusubiri jibu. Aliiweka Z begani, akatoka, na mlinzi akamfungulia mlango bila utani.

Mchana kutwa alikuwa karakana. Alichukua kibao cha duka la miwani kilichokuwa kinangoja, akakipiga msasa mpaka shangazi akamwambia kibao hakijamkosea kitu. Baba alikaa kwenye kigoda chake mikono mitupu. Z walikuwa wameiegemeza ukutani.

"Ungemwacha amalize kusema," shangazi alijaribu. "Wanaume wengine maneno yao yanatoka kwa awamu, kama maji ya bomba."

"Shangazi, leo usimtetee."

"Simtetei. Namsubiri tu, nina langu la kumwambia."

Saa kumi ilikuja ikapita. Hakukuwa na muziki wala makofi ng'ambo ya barabara. Jua lilikuwa limeanza kuingia karakana kwa mlango wa mbele aliposikia magurudumu ya mkokoteni yakilalamika, na hakuinua kichwa, ingawa kila unywele wake ulijua ni nani.

Alikuwa anausukuma mwenyewe. Viatu vyeupe vilikuwa vimekoma kuwa vyeupe, shati la bluu limechanika kwenye kiwiko, na kiganja kimoja kimefungwa leso yenye damu. Ndani ya mkokoteni, zimelazwa juu ya koti lake ili zisikwaruzane, zilikuwamo T na U na L na I na O.

"Nani kazifungua?" baba aliuliza.

"Mimi, mzee. Mafundi walikataa, wakasema hawajawahi kufungua kitu kabla hakijazinduliwa."

"Na huyo mama?" shangazi alihoji.

"Ameahirisha. Amesema nirudi na jina jingine, jina ambalo halina mwenyewe, la sivyo nisirudi kabisa. Mlinzi anasema tusihangaike, maana wageni wote leo wameuliza Jengo la Bima, na Bima ndiyo waliyoonyeshwa."

Shangazi alikohoa kuficha kicheko. Hakuna aliyemsaidia.

Alizitoa herufi moja moja, akazipanga sakafuni juu ya ile karatasi, kila moja mahali pake. Kisha akasimama kando, si mbele.

"Mzee," alisema, "ile siku uliniuliza swali hapa, nikakujibu uongo. Niulize tena."

Baba akazitazama herufi. "Mwenye jina ni nani?"

"Si mimi." Akamgeukia yeye, na safari hii macho yake hayakudai chochote. "Na kule ulipokuwa umesimama na mzigo wako nikasema hapana, mama. Nimelifikiria hilo neno jukwaani kuliko mengine yote. Nilikukana mbele ya watu waliokuja kupanga ofisi. Sikuja kuomba Jumamosi. Nimekuja kurudisha."

Binti alitamani kumkimbilia. Alitamani pia kumpiga kwa ile T. Akashikilia msasa wake, asifanye lolote kati ya hayo mawili.

"Na ukuta?" aliuliza.

"Nimeupaka."

"Umeupakaje?"

Aliinamisha kichwa. "Mara mbili. Rangi nyeupe, ile ile yao. Lakini maandishi bado yanaonekana kwa chini. Ukisogea karibu unasoma kila kitu."

Hasira yake, iliyokuwa imeanza kukaa chini, ikasimama tena. Bado yapo! Mama yake na kaka yake walikuwa bado pale kando ya kaunta ya kahawa, wamefunikwa shuka jepesi, kila anayepita anawachungulia. Alikuwa ameshavuta pumzi ya kumwambia atoke aende, asirudi, baba yake aliponyanyuka kwenye kigoda akapapasa rafu iliyokuwa nyuma yake.

"Weusi haufunikwi na weupe hivi hivi," mzee alisema kwa sauti ya kawaida ya kazi, kama anayesema na kibarua. "Lazima ipigwe kwanza praima, ile rangi ya chini, ikauke, ndipo rangi yenyewe. Tulizo, mpe lile kopo kubwa."

Kisu cha shangazi kilianguka chini.

Baba mwenyewe alionekana kulisikia neno baada ya kulitoa.  Lakini hakutoka nje kutafuta kitu. Alibaki amesimama, akimtazama bintiye, akisubiri kopo kama fundi yeyote anavyosubiri kifaa alichoagiza.

"Naam, baba," aliitika.

Alitembea hadi rafuni huku machozi yanamshuka na vumbi la nyusi, akalishusha kopo, akaokota na brashi pana. Akamfuata yule mwanamume, akaviweka vyote viwili kwenye mkono wake usio na leso. Vidole vyao viligusana, na hakuna aliyeharakisha kuviondoa.

"Pande zote," alimwambia. "Mpaka nikija nisisome hata herufi."

"Pande zote."

Alifika mlangoni, akageuka. Alijaribu kujizuia, ikaonekana wazi kwamba anajaribu, akashindwa.

"Na wajomba? Niwaambie nini?"

Alijifuta uso kwa kiwiko, akairudia kazi yake ya kibao cha miwani.

"Kwanza ukuta ukauke," alisema.